Shingo Iliyotazama Kongo

Tarehe 29 Februari 1988. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, jua kali. Jioni mawingu upande wa Kongo lakini mvua haikushuka. Shingo asubuhi mbaya, mchana nafuu kidogo.

Hivyo ndivyo nilivyoandika katika daftari siku ile. Nakumbuka kwamba kabla ya kuandika tarehe niliuliza watu wawili kama kweli Februari ya mwaka ule ilikuwa na siku ishirini na tisa. Mmoja alisema ndiyo. Wa pili alisema hayo ni mambo ya serikali. Mimi shule yangu iliishia darasa la sita, na kitu nisichokuwa na uhakika nacho huwa nauliza. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba mtu asiyejua aandike nini aanze na hali ya hewa na amalizie na chakula, na mimi sijajifunza njia nyingine mpaka leo. Ila tangu mwisho wa mwaka 1987, katikati ya mawingu na chakula, lilikuwa limeingia neno moja la ziada, shingo.

Mimi ni fundi wa nguo. Miaka ile nilishona kwenye baraza ya duka moja mjini Koboko, na nyumbani kwangu ni Lobule, mwendo wa baiskeli. Cherehani haikuwa yangu. Ilikuwa ya ndugu yangu mkubwa anayekaa Arua. Mwaka 1979, watu walipoanza kukimbia, yeye aliipaka mafuta ya gari, akaifunga kwa turubai, akaizika katika shamba la muhogo huko Manibe kama mtu anayezika mzazi. Tuliporudi kutoka Kongo mwaka 1986 akaifukua. Ilizunguka vizuri kuliko magoti yake, alisema. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, kwa hiyo akanipa mimi, na maneno aliyonipa nayo yalikuwa machache: "Mdogo wangu, cherehani ikikaa bure inashika kutu. Siku ukishindwa, usione haya, nirudishie. Shemeji yangu anaitaka."

Sasa siku hiyo ya tarehe 29 dereva wa lori aliyetoka Arua alisimama mbele ya baraza akaniita bila kuzima injini.

"Fundi! Ndugu yako anakusalimia. Amesikia habari ya shingo. Anasema atakuja mbele ya Pasaka, aone mwenyewe."

"Aone nini?"

"Mimi najua? Mimi niko mtu ya lori."

Nilijua. Alikuwa anakuja kuona kama naweza kushona, na kama siwezi, cherehani ingepanda lori kwenda Arua, na mimi ningebaki na jembe. Sikumlaumu. Ni haki yake. Lakini nilikuwa na wiki tano tu, na shingo ambayo haikugeuka.

Nieleze maumivu yenyewe, ingawa sina uhakika kama maumivu yanaelezeka. Yalianzia nyuma ya sikio la kulia yakashuka mpaka begani, kama uzi uliovutwa sana ukakaribia kukatika. Sikuweza kutazama kulia. Kichwa kilijipinda chenyewe kuelekea kushoto, na kwa vile nilikaa nimeelekea barabara ya Sudan, kushoto kwangu ni Kongo. Wateja hawakuiacha nafasi hiyo ipite.

"Fundi, leo unaangalia Kongo tena? Umeacha bibi huko?"

"Ameacha deni," mwingine akajibu.

"Hapana, anaangalia kama chakula iko tayari!"

Nilicheka nao, maana kucheka hakukuhitaji kugeuza shingo. Lakini kwenye baiskeli hakukuwa na kicheko. Niliposikia gari nyuma yangu ilinibidi nishuke, nigeuke mwili mzima kama ng'ombe, niangalie, kisha nipande tena. Mama mmoja nilimpima bega mara tatu kwa sababu sikuweza kuinama upande, na blauzi yake ilitoka na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Aliipokea. Alisema atauficha ule mkono ndani ya shuka. Hilo liliniuma kuliko shingo.

Matibabu niliyoyapata nitayasema yote bila kudharau lolote.

Mke wangu alikaanga chumvi ya mawe kwenye kigae, akaifunga kwenye kitambaa, akanikandia kila jioni kabla hatujala. Nililala kifudifudi mkekani, kidevu juu ya furushi letu, naye akikanda na kunigombeza kwamba nimekaza misuli. Joto lilisaidia. Nilipoinuka niliweza kutazama pande mbili kama mtu, na asubuhi nilirudi palepale.

Shangazi yangu, dada yake baba, yeye ni mtaalamu wa kuumika. Alikuja na pembe yake ya mbuzi na wembe mpya ambao niliununua mimi kwa sharti lake. Alichanja kidogo nyuma ya bega, akaweka pembe, akafyonza, akaziba kwa nta.

"Unaona?" akasema alipoitoa. "Damu iko nyeusi kama chai."

"Naona, shangazi." Sikuona. Ilikuwa nyuma yangu.

"Hii ndiyo ilikaa kwa shingo. Sasa imetoka."

Siku nzima nilijisikia mwepesi. Siwezi kusema pembe haikufanya kitu, nitakuwa nimesema uongo. Lakini kesho yake daftari linasema: "Shingo asubuhi mbaya." Shangazi alirudi mara mbili na mafuta meupe ya mti wa shea, akanipaka mpaka kola ya shati ikang'aa, na mwisho akasema neno ambalo afadhali asingelisema.

"Damu tumetoa. Mafuta tumepaka. Kama haisikii, basi iko mutu nyuma yake."

Hapo lazima niandike juu ya fundi mwenzangu, na kwa uangalifu, kwa sababu nilimkosea.

Tulishona kwenye baraza moja, yeye mwisho wa huku, mimi mwisho wa kule. Alikuwa mtu mpana mwenye sauti kubwa. Baba yake alikuwa askari na familia yao ilikimbilia Sudan, sisi Kongo. Alikuwa Mwislamu, mimi ni wa kanisa, na jambo hilo halikuwa shida kwetu, tulikuwa tukichanganya hata uzi. Mwezi wa kumi na mbili, alipoona napinda shingo, alinijia na kigoda cha mvule alichokuwa akikalia mwenyewe.

"Kaa hii," alisema. "Ile kiti yako ndefu sana. Unainamia kazi kama kuku anaokota mahindi."

Nikakikalia. Kilikuwa kifupi kidogo, na mwanzoni magoti yalilalamika. Baada ya wiki mbili shingo ilikuwa mbaya zaidi. Ndipo neno la shangazi likapata mahali pa kukaa. Nilianza kukumbuka vitu. Kwamba wateja wangu wawili walikuwa wamehamia kwake. Kwamba alisema mara moja kuwa cherehani yangu inaimba vizuri kuliko yake. Kwamba mtu hatoi bure kigoda cha mvule.

Kisha mwezi wa kwanza mjomba wangu akafa huko Manibe. Nilikaa msibani siku nne. Wanaume tulilala nje kuzunguka moto, kila mtu na mkeka wake na koti lake. Shingo haikuuma. Asubuhi ya pili niligeuza kichwa kulia kumtazama mtu aliyenisalimia, kisha nikakumbuka kwamba sikuwa naweza. Nilifurahi, nikaona aibu kufurahi msibani.

Nilikaa nikawaza na nikapata jibu. Niko mbali na baraza, niko mbali na kigoda, niko mbali na yule mtu, na shingo imepona. Nani hangeliona? Nilirudi Lobule, siku ya kwanza nikaamka na shingo ileile, siku ya pili nikaenda Koboko, nikarudi jioni na kigoda juu ya kerea ya baiskeli, nikakipasua kwa shoka nyuma ya jiko. Mke wangu alipikia maharage. Mvule unawaka polepole sana. Aliniuliza kuni hizi nzuri nimezitoa wapi, nikasema za barabarani.

Mwenzangu aliuliza pia.

"Kigoda iko wapi?"

"Kimevunjika."

"Mvule? Umekaa na nani, na tembo?"

Sikucheka. Aling'ata uzi, akaukata. "Haya," akasema. "Pole na kigoda." Alirudi kwenye cherehani yake. Tangu siku ile sikumsalimia vizuri. Nilisema "eeh" tu, nikitazama Kongo.

Sasa tarehe 29 Februari imepita, dereva ameleta ujumbe, na mimi siku zinanikimbia. Wiki iliyofuata mwenzangu alisafiri kwenda Yei kwa wakwe zake. Alikaa huko siku kumi na mbili. Nilihesabu kwa hamu, nikingoja shingo ipone. Baraza ilikuwa yangu peke yangu. Kigoda kilikuwa majivu. Na daftari linasema, siku zote kumi na mbili bila kuruka hata moja: asubuhi mbaya, mchana nafuu kidogo. Siku ya nane niliongeza maneno haya kwa penseli: "Labda si yeye." Nilitaka kuyafuta, nikaona ni afadhali yabaki.

Hapo ndipo nilipoenda Arua. Nilipata nafasi kwenye lori, juu ya magunia ya tumbaku. Sikuenda kwa ndugu yangu, niliogopa aniangalie. Nilienda kwenye zahanati ndogo karibu na Kilima cha Arua, nikakaa kwenye benchi mpaka saa sita. Aliyeniita alikuwa mama mmoja mtu mzima, muuguzi, miwani imefungwa uzi nyuma ya kichwa.

"Wewe unaitazama ukuta yangu kwa nini?" aliuliza.

"Ni shingo, sista. Inakaa hivi."

Aliniuliza maswali ambayo hakuna mtu alikuwa ameniuliza. Vidole vinakufa ganzi? Kikombe kinakuponyoka? Miguu inalegea ukitembea? Umeanguka kwenye baiskeli, umegongwa? Una homa? Nguo zako zimekuwa kubwa? Kwa kila moja nilijibu hapana, naye kila mara alinibonyeza mahali, akaniambia nimsukume kwa mkono, nimbane vidole.

"Vizuri," akasema. "Kama ungesema ndiyo kwa moja tu, ningekutuma kwa daktari leo hii. Hii ni misuli na viungo. Inauma lakini haiui. Sasa niambie, unaamka nayo au unalala nayo?"

"Sijaelewa, sista."

"Maumivu yanakuja ukimaliza kazi, au yanakungoja asubuhi?"

Nilifungua mdomo kujibu kwamba ni ukimaliza kazi, maana kila mtu anajua shingo ya fundi inaharibiwa na cherehani. Kisha nikaona haya kusema kitu nisichokiangalia. Nikatoa daftari mfukoni.

"Nimeandika," nikasema.

"Soma."

Nikasoma. Mawingu, kazi, asubuhi mbaya, mchana nafuu, muhogo na kunde. Mawingu, kazi, asubuhi mbaya, mchana nafuu. Nilisoma kurasa mbili hivi, kisha nikasimama mwenyewe. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu miezi mitatu na sikuwa nimewahi kurudi nyuma kusoma.

"Mtu anaumizwa na kazi, halafu akifanya kazi anapata nafuu?" aliuliza. "Mwanangu, unalalia nini?"

"Mkeka, sista."

"Kichwani?"

"Mto."

"Mto ya pamba?"

Hapo nikasema kweli. "Ni furushi."

Hakucheka. Alivua miwani. "La kukimbilia," alisema. Hakuwa anauliza.

Nieleze, kwa sababu watoto wetu wengine hawalijui hilo. Mwaka ule wa 1979 kila nyumba ilifunga furushi. Ndani yake uliweka vitu ambavyo bila hivyo ungekuwa si mtu huko unakokwenda, yaani sufuria, nguo, karatasi, chombo cha kazi yako. Tulivuka mpaka nalo kichwani mwa mke wangu. Kongo tulilala nalo chini ya kichwa, kwa sababu ya wezi, na kwa sababu mtu akipiga kelele "Wanakuja!" unainuka na mto wako na umeshahama. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema siku ya kwanza: "Hili lisitoke chini ya kichwa changu." Tuliporudi tulijenga nyumba, tukachimba choo, tukapanda miembe. Furushi hatukulifungua. Kila kiangazi mke wangu alilikaza fundo. Sikuwahi kuliona kama ugonjwa. Niliona ni kitanda changu.

"Si wewe peke yako," muuguzi alisema. "Wanakuja hapa na mgongo, na shingo, na bega. Mimi yangu nililalia mpaka mwaka jana. Ndani ilikuwa na pasi ya chuma." Akaweka mkono nyuma ya shingo yake mwenyewe. "Shingo usiku inataka kukaa sawa na mgongo. Wewe umeipandisha juu kama mtu anayechungulia dirishani, miaka minane na zaidi. Halafu mchana unainama."

Alinipa vidonge vichache, akasema ni vya siku mbaya tu. Joto la mke wangu niendelee nalo, ni zuri. Nisivae kitu shingoni kuishikilia wala nisilale siku nzima, shingo ikikaa bure inakaza. Nigeuze kichwa polepole huku na huku mara kadhaa kwa siku, bila kukivuta, na nisimruhusu mtu yeyote anizungushe kichwa kwa nguvu. Nikimaliza nguo moja niinuke. Chini ya kichwa nguo iliyokunjwa, unene wa vidole vinne.

"Na kiti yako," aliongeza. "Ukikaa kiti ndefu unaikunja shingo kufuata sindano. Tafuta fupi kidogo, macho yasogee karibu na kazi."

Nikamwambia nilikuwa nacho.

"Kiko wapi?"

"Tulipikia maharage."

Hapo ndipo alipocheka, na sikumwambia iliyobaki.

Nilidhani kazi ngumu imekwisha. Nilifika Lobule kesho yake mchana, nikamweleza mke wangu yote akiwa anatwanga muhogo. Alisikiliza mpaka mwisho, mchi ukipanda na kushuka.

"Sawa," akasema. "Lala chini bila mto. Nani amekukataza?"

"Nasema tulifungue, mama watoto. Tutoe vitu."

Mchi ukasimama. "Furushi halifunguliwi."

"Basi tuliweke miguuni."

"Miguuni! Siku ya kukimbia utalishika kwa vidole vya miguu?"

"Hatukimbii tena. Tumepanda miembe."

"Na hata mwaka ule tulikuwa tumepanda," alisema. "Ndugu yako alikuwa na mahindi yanakaribia kuiva. Tuliyala?"

Hatukuyala. Nataka nimtendee haki hapa. Mimi nilikuwa nimelilalia furushi, lakini yeye ndiye aliyelibeba kutoka hapa mpaka ng'ambo, na mtoto mgongoni, na shingo yake haikuwahi kuandikwa katika daftari lolote. Mimi nilimfundisha hofu hiyo, na sasa nilitaka aiache kwa sababu sista wa Arua amesema.

Basi tukakubaliana hivi, likae mlangoni, upande wake, mahali anapoweza kulishika kwa mkono. Mimi nikakunja kanzu ya zamani, nikapima vidole vinne. Asubuhi ya kwanza niliandika "mbaya." Ya pili "mbaya." Ya tano "mbaya kidogo." Ya saba sikuandika kitu, nilisahau, na siku moja baadaye nikagundua kwamba nimesahau. Lakini tangu usiku wa kwanza mke wangu ndiye aliyeamka na macho mekundu. Nililiandika hilo pia, maana lisingekuwa daftari la haki kama lingeandika shingo yangu tu.

Wakati huo mwenzangu alikuwa amesharudi kutoka Yei. Kwa siku tatu nilitafuta maneno. Nilimwomba seremala wa Lobule anitengenezee kigoda. Mvule hakuwa nao, akatumia mti mwingine, mzuri lakini si mvule. Nikakifunga kwenye kerea nikakipeleka barazani.

"Hiki ni chako," nilimwambia. "Kile hakikuvunjika. Nilikichoma."

Alisimamisha mguu kwenye cherehani. "Ulikichoma."

"Nilifikiri kina kitu. Nilifikiri wewe ndiye."

Nilitegemea atapiga kelele, maana sauti alikuwa nayo. Alikigeuza kigoda, akakagua miguu yake, akakigonga kwa kidole.

"Mutu ananiletea shida ya shingo yake, namupa kiti ya baba yangu," alisema, akiwaambia wateja waliokuwa wamekaa, si mimi. "Baba yangu alikaa hii kiti kambini Sudan miaka saba. Na huyu anapikia maharage." Kisha akaniuliza: "Yaliiva?"

"Yaliiva vizuri."

"Lazima. Mvule hiyo." Akakiweka chini akakikalia, akajaribu uzito wake. Sijui kama alinisamehe siku ile. Alikuwa na haki ya kutonisamehe, na sikujua kwamba kilikuwa cha baba yake. Baadaye alikisukuma kwa mguu kuelekea kwangu. "Kaa wewe. Mimi nina mafuta mwilini, siumwi shingo."

Ndugu yangu alifika Alhamisi kabla ya Pasaka. Mvua ya kwanza kubwa ilikuwa imenyesha usiku wa kuamkia siku hiyo, barabara imekuwa nyekundu na laini, naye alitembea kutoka mahali lori lilipokwama, viatu mkononi. Aliingia uani kwetu kutoka upande wa kulia. Sikujua atakuja saa ngapi. Nilikuwa nimekaa nje nashona kifungo kwa mkono, nikasikia hatua kwenye matope, nikageuza kichwa, nikamwona.

Alisimama. "Fanya tena," akasema.

Nikageuza kushoto, nikageuza kulia. Haikufika mwisho. Nikamwambia hivyo, kwamba haifiki mwisho, na kwamba siku nyingine inauma bado, asije akasema nilimficha.

"Yangu pia haifiki mwisho," alisema. "Nani anataka kuona mgongo wake?" Akaketi. Habari ya cherehani hakuitaja, na mimi sikuitaja. Jioni nilipomwonyesha suruali niliyokuwa nimemaliza Koboko, aliikunjua, akapitisha kidole kwenye mshono wote mpaka chini, akaikunja tena vizuri kuliko nilivyoikunja mimi.

Shida ilikuwa sufuria. Mgeni ni mkubwa, watu ni wengi, na sufuria yetu kubwa ilikuwa imetoboka tangu wiki iliyotangulia. Mke wangu alisimama mlangoni muda mrefu. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu Kongo, sauti ya fundo lile likifunguliwa kwa meno.

Alitoa vitu kimoja kimoja akaviweka mkekani. Mkasi wangu mkubwa, umeshika kutu. Tikiti za kodi. Kadi za ubatizo zimeshikana. Kufuli na ufunguo wake, la nyumba ambayo sasa ni nyasi. Gauni la mtoto ambaye leo, ninapoandika haya, ana watoto. Na sufuria ya chuma, nzito, bila mfuniko, imelala kifudifudi mahali hasa ambapo shingo yangu ililala. Ndugu yangu aliichukua akaigonga. "Hii ndiyo ulikuwa unalalia?" Akampa mke wangu.

Mke wangu aliisugua kwa mchanga na majivu. Alichukua sufuria na mkasi tu. Vingine alivirudisha, na gauni, na kufuli, akafunga fundo upya, akaliweka palepale mlangoni. Lilikuwa dogo na laini. Lipo mpaka leo. Sijamwambia alitoe na sitamwambia.

Mawingu yalirudi upande wa Kongo lakini hayakufika kwetu. Tulikula ugali wa muhogo na mtama, majani ya kunde yaliyopikwa na simsim iliyosagwa, na samaki mkavu mmoja ambaye ndugu yangu alimleta kutoka Arua ndani ya gazeti. Ilitosha watu wote, na ukoko ulibaki.